Neno Lililomezwa na Mvua

Majuzi mvua kubwa ilitunyeshea hapa Nachingwea wajukuu zangu wakiwa wamejazana sebuleni kutazama mpira. Ilianza na matone machache mazito juu ya bati, kisha ikashuka yote kwa pamoja. Picha ikaanza kukatika. Mchezaji aliyekuwa anakimbia akagawanyika vipande vipande vya rangi, sauti ya mtangazaji ikakwama katikati ya neno, halafu kioo kikawa cheusi. Vijana wakapiga kelele kana kwamba wameibiwa. Mmoja akataka kutoka nje akaligeuze dishi. Mkubwa wao, Rashidi, ambaye kazi yake ni kufunga ving'amuzi, akamzuia.

"Dishi halina kosa," alisema. "Mawimbi yanatoka juu kabisa, kwenye setilaiti. Yakikutana na mvua nzito namna hii, matone yanayanyonya, na yanayobaki yanatawanyika. Subirini ipungue, yatarudi."

Nikainuka, nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Sikutaka wanione usoni. Wao walikuwa wamekosa bao, na bao hilo lingerudiwa tena na tena mpaka walichoke. Mimi nilikuwa nimekumbuka neno moja ambalo mvua ililimeza hapahapa Nachingwea nilipokuwa mtoto mdogo, na jinsi nyumba yetu ilivyoishi bila neno hilo.

Wenzangu wa umri wangu mtaikumbuka kambi ya karanga. Wazungu walikuja wakasema pori lote hili litageuka shamba, na watu wakamiminika kutoka kila upande kutafuta kazi. Baba yangu, Salumu, alitoka kijijini Mbekenyera kwa miguu akaandikwa kazi, akafundishwa kuendesha trekta la kung'olea miti. Alipopata chumba alituita mimi na mama. Kilikuwa chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vya bati, na mchana kilikuwa na joto la kuweza kuanika ufuta ndani. Harufu ya kambi ile bado ninayo puani: dizeli, moshi wa miti iliyochomwa ingali mibichi, na udongo mwekundu ambao haukuwa umewahi kuona jua. Baba alirudi jioni akiwa mwekundu mwili mzima, mpaka kope. Alipocheka ndipo nilipomtambua.

Watoto tulikuwa wachache sana. Wanaume wengi waliacha wake zao vijijini, na wale watoto wawili watatu waliokuwepo walikuwa wakubwa, hawakunitaka. Nilicheza peke yangu kwenye matairi mabovu yaliyorundikwa nyuma ya karakana. Nilikaa ndani ya tairi kama mtu aliye ndani ya kisima, nikaongea na kuta zake. Mwenzangu pekee alikuwa mama. Mama alikuwa na mwanya mpana, na akitamka jina langu, Somoe, hewa kidogo ilipenya katika ule mwanya, jina likatoka na kiupepo chake mbele. Hakuna mtu mwingine aliyeliita vile. Hata nikiwa mbali, ndani ya tairi langu, nilijua ni yeye kabla sijasikia neno lote.

Katika chumba cha jirani aliishi Fundi Petro. Kwao kulikuwa mbali, upande wa Nyasa, na alikuwa amepigana vita vya Burma. Huko vitani ndiko alikojifunza simu ya upepo. Basi kambini yeye ndiye aliyekaa katika kijumba chenye mlingoti mrefu wa chuma na waya zilizotandazwa juu, akazungumza na Lindi kila alasiri: vipuri vimefika, mafuta yamepungua, mzungu fulani anaumwa. Hakuwa na mke wala mtoto pale. Aliniruhusu kukaa kizingitini ilimradi nisiguse kitu. Aliniita Binti Salumu, kama mtu mzima, na mimi nilipenda kuitwa hivyo.

Siku mvua ya kwanza ilipoanza, nilikuwa kizingitini. Kisanduku cha sauti cha ile simu kilichokuwa kikizungumza vizuri kikaanza kuunguruma na kuchachatika kama kitunguu kilichotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Mtu wa Lindi alizama ndani ya kelele, akaibuka, akazama tena.

"Fundi, anafanya nini huyo?" niliuliza.

"Hafanyi kitu. Ni mvua." Alinyoosha kidole kuelekea waya. "Kila tone linashuka na umeme wake mdogo, Binti Salumu. Likigonga waya wangu, linalia humu ndani. Tone moja hulisikii. Yakija mengi, ndiyo haya. Na vile vikombe vyeupe vinavyoshika waya vikilowa, sauti inavuja, inapotea njiani."

"Mvua inakula sauti?"

Alicheka. "Eeh. Inazila."

Alisema ili kunifurahisha, maana nilikuwa mtoto. Lakini mimi nililichukua neno lile kama lilivyo. Tangu siku hiyo nikajua kwamba mvua ni kitu chenye mdomo.

Mama alikuwa mjamzito. Tumbo lilipokuwa kubwa, bibi yangu mzaa mama akaja kutoka Mbekenyera kumsaidia. Mkunga wa zahanati ya kambi akamshika mama tumbo, akasema mtoto amelala vibaya, na kwamba ni heri akajifungulie hospitali kubwa ya Lindi. Baba akaomba nafasi kwenye treni iliyokuwa ikishusha mizigo pwani. Asubuhi ya kuondoka mama alivaa khanga mpya. Aliinama kwa shida mpaka usawa wangu, mkono mmoja kiunoni.

"Nikirudi nakuja na mdogo wako," aliniambia. "Utambeba mgongoni. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi usiende mbali, nisije nikakutafuta."

Bibi akamshika mkono, wakapanda. Nilibaki nimesimama na baba kwenye kokoto za reli mpaka moshi ukaisha. Baba alinishika kichwa, akaenda kazini. Nami nikaenda kwenye matairi.

Jioni ile baba alimwomba Fundi Petro msaada. Mwenzake Fundi Petro wa simu kule Lindi alikuwa akipita hospitali kila siku akielekea nyumbani, kwa hiyo wakakubaliana kwamba akisikia lolote kuhusu mke wa Salumu, atalisema mwishoni, baada ya habari za kazi. Kila alasiri nilikwenda kukaa kizingitini. Fundi Petro alipomaliza, alinigeukia akatikisa kichwa: bado. Nikarudi nyumbani, nikachochea moto, nikamsubiri baba.

Kisha mvua ikaanza kweli. Haikuwa mvua ya kunyesha na kupumzika. Matrekta yalizama kwenye tope mpaka usawa wa viti, kazi ikasimama, wanaume wakakaa vyumbani kusikiliza bati likipigwa. Siku moja alasiri tulikwenda wote wawili, mimi na baba, gunia likiwa vichwani mwetu. Fundi Petro alikuwa ameinama karibu kabisa na kile kisanduku, ametega sikio kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa.

"Lindi, Lindi, rudia. Sikusikii vizuri. Rudia."

Kisanduku kilichachatika. Kutoka ndani kabisa ya ile kelele, sauti ya mwanamume ikapanda: "...mke wa Salumu... amejifungua..." Baba akanishika bega. Kelele ikafunika kila kitu, ngurumo moja ikapita, kisha sauti ikapanda tena, kwa ufupi, wazi kama mtu aliye mlangoni: "...amefariki. Poleni sana."

Hapo hapo radi ikapiga karibu. Tuliona mwanga mweupe, tukasikia mlio wa chuma, na waya mmoja ukaanguka juu ya paa. Kisanduku kikanyamaza. Hakikuchachatika hata kidogo.

Baba ndiye aliyesema wa kwanza. "Amesema nani?"

Fundi Petro alikuwa bado ameinama. "Amesema mke wa Salumu," alijibu polepole. "Amejifungua. Amefariki."

"Na mtoto?"

"Mtoto sikumsikia, Baba Somoe. Habari ya mtoto sikuisikia."

Nimeyarudia maneno yale maisha yangu yote, na kila mara naona jinsi yalivyokuwa yamejipanga. Mtu yeyote angeyaunganisha vile alivyoyaunganisha yeye. Lugha yetu haisemi ni nani aliyefariki usipomtaja. Lakini wakati ule sikuwa nafikiri habari ya lugha. Nilikuwa nimeitazama mvua ikishuka mlangoni, nene, yenye kelele, nikajua imemla mama.

Baba alijaribu kwenda. Alitembea kufuata reli akarudi kesho yake, tope limemfika kifuani, akasema daraja limeondoka na nguzo za simu zimelala majini. Majirani wakatandika mikeka. Wanaume wa kambi waliotoka Masasi, Newala na ng'ambo ya Ruvuma wakakaa na baba, wakasoma dua, wakanywa chai ya rangi. Mtu alinipa kipande cha mhogo. Fundi Petro alikaa nje ya wote, akiwa ameegemea ukuta, kofia yake mikononi. Mara kwa mara aliutazama mlingoti wake ambao hakuwa na vifaa vya kuutengeneza. Vifaa vingetoka Lindi.

Habari ilifika Mbekenyera kwa mdomo, na shangazi yangu Mwanaidi akaja kwa miguu, nguo zimemganda mwilini. Alimlilia wifi yake mpaka sauti ikakauka. Alipomaliza kulia, akafunga nguo zangu kwenye kitambaa.

"Kaka, huyu mtoto haachwi hapa," alimwambia baba. "Kambi ya wanaume. Nani atamsuka? Nani atamwogesha?"

Baba hakubisha. Alinisindikiza mpaka pale barabara ya Ruangwa inapoingia porini, akanipa sukari iliyofungwa kwenye karatasi, akasema, "Nitakuja kukuona." Nilitaka kumwambia kwamba mama alisema nisiende mbali. Lakini mama alikuwa ameliwa, na sikujua kama maneno ya mtu aliyeliwa bado yana nguvu. Nikamfuata shangazi.

Mbekenyera hakukuwa na bati. Mvua iliangukia nyasi za paa bila sauti, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele za kambini. Shangazi alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na watoto wake, na shamba, na palizi ya mtama haingoji mtu. Binamu zangu walikuwa wameshazoeana wao kwa wao. Walijua michezo nisiyoijua, waliongea Kimwera cha haraka ambacho mimi, mtoto wa kambi, nilikishika nusu. Walipokwenda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya kuliwa, porini nilibaki nyuma, kwa kuwa sikujua shina la kutazama. Nikakaa barazani na sukari yangu ambayo ilikuwa imelowa na kugandamana na karatasi. Nililamba karatasi.

Chini ya paa la jiko shangazi aliweka mtungi wa kukinga maji ya mvua. Siku moja mtungi ule ulijaa, na tone likaanguka ndani, ukatoa sauti ya chini, ya duara, kama mtu anayetaka kuanza kusema. Nikakumbuka. Kama mvua ilikula sauti kule juu, na sasa imeshuka humu, basi sauti zimo humu. Nikaweka sikio kwenye udongo baridi wa mtungi. Nilisikia kitu kama pumzi. Nikangoja kile kiupepo kidogo kinachotangulia jina langu.

Nilifanya hivyo kila mvua iliponyesha. Nilikuwa napiga magoti kwenye matope, mikono miwili nimeukumbatia mtungi, mpaka sikio likafa ganzi. Shangazi akanikuta.

"Somoe, unasikiliza nini humo?"

"Mama."

Alinitazama. Nikadhani atanipiga, au ataniita mwenye mashetani. Akaunyanyua mtungi, akamwaga maji yote uwanjani. Nililia kilio ambacho sikulia hata siku ya msiba. Niliyaona maji yanakimbia kwenye vijifereji vya udongo, yanazama, yanaondoka na mama. Kesho yake asubuhi mtungi ulikuwa umerudishwa palepale chini ya paa. Shangazi aliendelea kuchota humo maji ya kupikia, lakini tangu siku hiyo aliacha kidogo chini.

Mvua zilipoanza kupungua, ilitokea asubuhi moja mtoto wa shangazi akaja mbio kutoka njiani, anapiga mayowe, hawezi kusema kinachomliza. Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kwenye njia ya shamba walikuwa wanakuja watu watatu. Wa mbele alikuwa bibi. Wa nyuma alikuwa baba, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba baba amebeba furushi la mwanamke kichwani, kitu ambacho wanaume hawakukifanya. Katikati alikuwa mama.

Shangazi aliangusha mwiko. Wanawake wa nyumba za jirani walikimbilia ndani, wakachungulia. Mimi niliingia chini ya uchanja wa mahindi, nikajibana kwenye nguzo. Mama alikuwa mwembamba. Alitembea kama mtu anayekanyaga kitu kinachoweza kupasuka. Alisimama uwanjani, akaangaza huku na huku.

"Somoe," aliita. Kiupepo kwanza, kisha jina.

Nikatoka nusu. "Mvua imekutema?" niliuliza.

Hakunielewa. Alinyoosha mikono tu. Lakini mimi sikwenda mbio kama mnavyofikiri. Nilikwenda polepole, nikamgusa kwanza mguuni, kuona kama ni mkavu.

Bibi ndiye aliyeeleza, huku amekaa chini na kuvua viatu vya matope. Mama hakuwa amekufa. Aliumwa sana, alipoteza damu, lakini walimponya. Aliyekufa alikuwa mtoto. Walituma salamu hizo kupitia yule mtu wa simu, na wao kule hawakujua kwamba huku zimefika nusu. Reli ilipotengenezwa wakapanda treni ya kwanza. Kambini, baba alipomwona mkewe anashuka, alikaa chini kwenye kokoto.

"Kwa hiyo mvua imelimeza neno moja tu," baba alisema, akicheka na machozi yakimtoka. "Mtoto. Basi. Neno hilo moja!"

Hapo ndipo vigelegele vilipoanza. Walichinja kuku wawili. Watu walikuja kutoka vitongoji vya mbali kumtazama mwanamke aliyefufuka, wakamshika mikono, wakamshika mashavu. "Wifi, tumekulilia!" shangazi aliimba. "Tumemaliza kukulilia!" Ngoma ikatafutwa. Wote walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Mama alikaa katikati ya mkeka, akatabasamu kwa kila mtu aliyemwinamia. Nilikuwa nimeegemea ubavu wake. Nikaona khanga yake imelowa sehemu mbili kifuani, wala mvua haikuwa inanyesha.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa ameinama, anakamulia maziwa yake kwenye kifuu cha nazi, taratibu, meno yameuma ncha ya khanga.

"Ya nani hayo, mama?"

"Ya mdogo wako."

"Yuko wapi?"

Kabla hajajibu, shangazi alitokea na kuni. "Somoe! Usimkumbushe mama yako. Tumshukuru Mungu kwa tuliyerudishiwa." Alisema kwa upole, akapita. Mama akamwaga kile kifuu chini, akasukuma udongo kwa mguu juu yake. Hakulia. Ningejisikia nafuu kama angelia.

Nami katika akili yangu ya kitoto nikapanga hesabu yangu. Niliona mvua imemtema mama na badala yake imemchukua mtoto; nikaogopa kwamba tukimtaja mtoto, itakuja kubadilisha tena. Kwa hiyo nikanyamaza. Baba alinyamaza kwa sababu alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuigusa. Bibi alinyamaza kwa kuwa ndiye aliyemzika, na alikuwa amechoka. Tulirudi Nachingwea watu watatu, tukaishi katika kile chumba cha bati. Mama alipika, akafagia, akafua nguo nyekundu za baba. Nikitoka nje ghafla nilimkuta amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani kana kwamba kuna kitu amekipakata. Sikuwa mpweke tena kama pale Mbekenyera, maana nilikuwa na mama. Lakini yeye alikuwa amekwenda kukaa mahali ambapo mimi nilikuwa nimetoka, na sikujua njia ya kumfuata.

Fundi Petro hakukanyaga kwetu. Alipotuona alizungukia upande wa karakana. Mama aliuliza, na baba akajibu kwamba yule bwana anaona haya. Vifaa vya mlingoti vilikuwa vimefika, waya umepandishwa, na alasiri tulisikia tena sauti yake kwa mbali: Lindi, Lindi, hapa Nachingwea.

Alasiri moja mama akanishika mkono, tukaenda. Kulikuwa na manyunyu mepesi. Alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Fundi Petro aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mama Somoe," alisema. "Nisamehe. Nilikuzika ungali hai."

"Hukunizika. Ulisema ulilosikia."

"Ningesema sikusikia vizuri. Ningewaambia wangoje."

"Hukukosea, Fundi," mama alisema. "Aliyefariki alikuwepo."

Kile kisanduku kilikuwa kinachachatika kidogo kwa yale manyunyu. Mama alikuwa bado amesimama kizingitini, mahali pangu.

"Nimekuja unipe habari yangu," alisema. "Wote mliipata nusu. Mimi sijapewa hata hiyo nusu. Niambie yote, kama ilivyotoka Lindi."

Fundi Petro aliokota kofia yake mezani, akaivaa, akaivua tena. Yule mwenzake wa Lindi alikuwa ameshamrudia maneno yote siku waya ulipopanda. Akasimama wima, nadhani kama walivyofundishwa vitani.

"Mke wa Salumu amejifungua mtoto wa kiume," alisema. "Mama ni mzima. Mtoto amefariki. Poleni sana."

"Asante," mama alijibu.

Kisha akakaa pale kizingitini, akalia. Alilia kwa sauti, na mwili mzima, na hakujifunika uso. Fundi Petro alichuchumaa mbali kidogo, hakumgusa, akarudia tu, "Pole, mama. Pole." Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo tangu ateremke kwenye treni.

Baba alitukuta hapo akitoka kazini. Nadhani alidhani kuna msiba mpya. Alimtazama Fundi Petro, akamtazama mama, na niliona uso wake, chini ya vumbi lile jekundu, ukielewa. Akaketi kwenye matope kando ya mkewe.

"Alikuwaje?" aliuliza.

"Alikuwa na masikio yako," mama alisema. "Alizaliwa alfajiri, Alhamisi. Hakuishi mpaka jua kufika kichwani. Nilimwita Hamisi."

Kesho yake baba alitandika mkeka nje ya chumba chetu. Majirani walishangaa kidogo, kwa kuwa walikuwa wameshalia kwenye nyumba hiyohiyo, lakini wakaja. Wanaume walisoma. Wanawake wachache wa kambi waliingia ndani kumwona mama, na safari hii hawakumwambia ashukuru. Walikaa naye tu, magoti kwa magoti. Mmoja wao, mama mtu mzima kutoka Newala ambaye sikuwahi kuongea naye, alinikuta mlangoni nikiwa sijui nikae wapi. Aliinama, akanipa mkono wake mkavu kama anavyopewa mtu mzima.

"Pole, binti yangu," alisema. "Pole kwa kufiwa na mdogo wako."

Nikasema asante, kama mama alivyosema. Nikaingia kukaa na mama mkekani, katikati ya wafiwa, kwa kuwa hapo ndipo dada hukaa.